Kazi Yako Imeibwa Mtandaoni? Mwongozo Kamili wa Kuishusha au Kuidai, Hata Mwizi Akiwa Nchi Nyingine

"Mjomba, hii si ile picha yako ya Kivinje?"

Ujumbe wa mpwa wangu ulinikuta kwenye daladala. Chini yake kulikuwa na linki. Nikabonyeza, na juu kabisa ya tovuti ya kampuni moja ya utalii ya Ulaya, imetanuliwa skrini nzima, nikaiona picha niliyoipiga alfajiri moja Kilwa Kivinje: fundi amechuchumaa ubavuni mwa jahazi, nyundo mkononi, anatia kalafati. Jina langu nililoliweka pembeni lilikuwa limekatwa kwa ustadi kabisa.

Nikafanya wanachofanya wengi. Nilikwenda kwenye ukurasa wao, nikaporomosha maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasoma. Asubuhi nilipoamka, picha haipo, maoni yangu hayapo, na nimezuiwa. Sikuwa na hata picha moja ya skrini. Hasira hasara: walikuwa wameitumia kwa muda nisioujua, na mimi sikuwa na cha kumwonyesha mtu.

Tangu siku hiyo nimeshusha kazi zangu na za wenzangu mara nyingi, na mara chache nimelipwa. Mimi si wakili, ni mpiga picha aliyechoka. Kubwa nililojifunza ni hili: mwizi wa mtandaoni ni mpangaji. Anaweza kuwa na jina la bandia, akaunti tatu na nchi usiyoijua, lakini kitu alichokiiba kimelala kwenye kompyuta ya mtu mwingine mwenye jina, anwani na sheria ya kumbana. Huyo ndiye mwenye nyumba. Usimkimbize mpangaji. Mgongee mwenye nyumba.

Kabla ya yote, amua unataka nini

Unataka kazi ishushwe, jina lako liwekwe, au ulipwe? Amua kabla hujaandika neno lolote, kwa sababu njia moja huziba nyingine. Picha ikishashushwa, aliyeiiba hana tena shida nawe, na barua yako ya malipo ataisoma akicheka. Kama aliyeitumia ni kampuni yenye ofisi na wateja, mimi huanza na ankara. Kama ni akaunti isiyo na uso, nashusha moja kwa moja. Kama ni mwalimu au mwanakijiji aliyeipenda tu picha, mara nyingi naomba jina langu liwekwe, yakaisha. Hata hilo la jina si fadhila: Mkataba wa Berne unatambua haki ya mtunzi kutajwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yako

Hakimiliki hulinda kazi jinsi ilivyotengenezwa, hailindi wazo. Mtu akienda Kivinje, akasimama pale pale nilipochuchumaa mimi, akapiga jahazi lile lile, hajaniibia chochote. Akichukua faili langu ameniibia, hata akiligeuza rangi, akalikata pembeni au akaandika juu yake "Karibu Afrika".

Sura yako kuwa kwenye picha hakukufanyi mwenye hakimiliki. Una haki nyingine, za faragha na taarifa binafsi, zenye sheria zake (Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022), na malalamiko yake hujazwa kwenye fomu nyingine kabisa. Mpiga picha naye asivimbe kichwa. Kwa sheria ya Kenya, kazi uliyoagizwa na mtu au uliyoifanya ukiwa mwajiriwa huhamia kwa aliyekuagiza au mwajiri wako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma mkataba wako. Kama hamkuandikiana, tafuta meseji mlizotumiana mkipatana kazi, maana huko ndiko ushahidi wenu ulipo.

Kwenye muziki ndiko kwenye vurugu. Wimbo mmoja una mashairi na utunzi, kisha una rekodi yenyewe, na waimbaji na watayarishaji wana haki zao ambazo sheria ya Tanzania inaziita hakishiriki. Msanii anayekimbia kushusha wimbo wa mwenzake YouTube huku biti aliyoimbia hajamalizana na prodyuza anaweza kushangaa kuona anayeshushwa ni yeye.

Kisha kuna swali ninaloulizwa kila wiki: "Si uliiweka mwenyewe Instagram? Basi ni ya umma." Hapana. Unapopandisha kazi kwenye jukwaa unalipatia jukwaa hilo leseni ya kuionyesha. Humpi kila mpita njia. Kesi ya kukumbuka hapa ni ya Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Port-au-Prince tarehe 12 Januari 2010, alipiga picha na kuziweka mtandaoni kupitia huduma ya TwitPic iliyofanya kazi pamoja na Twitter. Mtu mwingine akazichukua kama zake, shirika la habari la AFP likazipata kwa huyo na kuzisambaza, na Getty Images nayo ikazisambaza kwa wateja wake. AFP ilijitetea kwamba masharti ya Twitter yaliwapa ruhusa. Jaji wa New York akaukataa utetezi huo, na Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama (jury) likamtunuku Morel takriban dola milioni 1.2. Mtu wa Haiti, picha za Haiti, aliyeshindwa ni shirika la Ufaransa, mahakama ya Marekani. Ndivyo sheria ya mtandao ilivyo siku hizi.

Hatua ya 2: Ushahidi kwanza, mdomo baadaye

Ukiiona kazi yako mahali isipotakiwa kuwa, usitoe maoni, usimtumie mtu ujumbe, usibonyeze hata alama ya kupenda. Funga mdomo na ufanye haya kwa utulivu.

Piga picha ya skrini inayoonyesha ukurasa mzima, na anwani yake ionekane juu. Kwenye simu anwani mara nyingi hujificha, kwa hiyo tumia kompyuta ukiweza. Nakili linki ya posti yenyewe, usinakili ya ukurasa wa mtu. Hili ndilo kosa linalorudisha malalamiko mengi: mtu anatuma linki ya akaunti yenye posti 800 na kutegemea mfanyakazi wa jukwaa azipekue zote. Kwa picha iliyo kwenye tovuti, bonyeza kulia uipate pia anwani ya picha peke yake. Kama ni video, rekodi skrini ukianza na jina la chaneli, tarehe na idadi ya watazamaji.

Halafu nenda web.archive.org, hifadhi ya kurasa iitwayo Wayback Machine, bandika linki kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa, ubonyeze. Nakala itabaki huko ikiwa na tarehe, mikononi mwa mtu wa tatu asiyekujua wewe wala mwizi. Huduma hiyo haigharimu kitu. Haihifadhi kila ukurasa, hasa kurasa za mitandao ya kijamii inayodai uingie kwanza, lakini kwa tovuti za kawaida inafaa sana. Laiti ningeijua siku ile ya daladala.

Sasa ushahidi wa upande wako. Wengi wanadhani jina lililoandikwa juu ya picha ndiyo kinga. Jina hukatwa kwa sekunde kumi. Kinachomshinda mwizi ni kile alichokosa: faili asilia la kamera lenye tarehe, saa na namba za lenzi, pamoja na picha za kabla na baada. Siku ile Kivinje nilipiga picha kama arobaini. Katika iliyotangulia fundi anageuka kumwita mtoto, katika iliyofuata nyundo imeanguka mchangani. Mwizi anayo moja, mimi ninayo asubuhi nzima. Kwa mwandishi, ushahidi wa namna hii ni rasimu zilizokatwakatwa na barua pepe kwa mhariri. Kwa prodyuza ni mradi mzima wa wimbo, kila ala kwenye mstari wake.

Angalizo moja dogo: WhatsApp hubana picha na kufuta taarifa zilizomo ndani ya faili. Ukitaka kumtumia mtu ushahidi, utume kama dokumenti, usiutume kama picha. Na ukitaka kujua kazi yako imesambaa wapi, itafute kwa picha yenyewe kwenye Google Lens na TinEye. Tumia zote mbili, maana moja huona isichokiona nyingine.

Je, lazima uwe umesajili kazi? Kwa Mkataba wa Berne wa 1886, hapana. Haki inazaliwa pamoja na kazi, bila fomu, bila muhuri. Kenya ilijiunga na mkataba huo 1993, Tanzania 1994, Burundi 2016, Uganda 2022, na Marekani ilisubiri hadi 1989. Kila nchi mwanachama inapaswa kukulinda kama inavyowalinda watu wake. Hata hivyo cheti cha usajili kutoka ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au KECOBO kwa Kenya ni ushahidi mzuri wa tarehe, na kwenye mabishano ya hapa nyumbani kinafupisha maneno. Mimi husajili kazi zinazoniingizia pesa. Nyingine naziacha.

Hatua ya 3: Mtafute mwenye nyumba

Kama kazi iko YouTube, Facebook, Instagram, TikTok au X, mwenye nyumba anajulikana, na kila mmoja ana fomu yake ya malalamiko ya hakimiliki. Tumia fomu hiyo. Kitufe cha kawaida cha kuripoti posti kinapeleka lalamiko kwa watu wa matusi na utapeli, sio wa hakimiliki, na huko litakufa. Telegram nayo inapokea malalamiko ya hakimiliki kuhusu chaneli za wazi. Magumzo na makundi ya faragha haiyagusi.

Tovuti inayojitegemea inahitaji upelelezi kidogo. Nenda lookup.icann.org, andika jina la tovuti. Utaona msajili wa jina, yaani aliyeuza jina la tovuti. Tahadhari, huyo siye mwenye nyumba. Ni kama aliyechora kibao cha duka. Unayemtaka ni anayetunza seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na huyo hupatikana kwa kutafuta anwani ya IP ya tovuti (namba yake kwenye intaneti) na kuangalia imesajiliwa kwa kampuni gani. Mara nyingi utakutana na jina Cloudflare na kudhani umefika. Bado. Cloudflare mara nyingi husimama mbele ya seva kama mlinzi getini. Wao wana fomu ya malalamiko, hulipeleka lalamiko lako kwa anayehifadhi tovuti na kukujulisha ni nani. Ukishampata, tafuta kwenye orodha ya mawakala iliyo katika tovuti ya Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Kila mtoa huduma anayetaka kinga ya sheria ya Marekani lazima aandikishe humo mtu wa kupokea notisi, yaani malalamiko rasmi ya hakimiliki, pamoja na barua pepe yake.

Mwenye nyumba akikaa kimya, kuna mlango wa uani: Google. Inapokea maombi ya kuondoa matokeo ya utafutaji yanayopeleka watu kwenye kazi iliyoibwa. Picha itabaki kwenye tovuti, lakini atakayeiona ni yule tu anayeijua njia. Kwa mwizi anayeishi kwa matangazo, hilo linauma kuliko matusi yangu yote.

Hatua ya 4: Sheria ya wapi?

Hapa watu hukwama wakiwaza mahakama za Geneva. Hakuna polisi wa hakimiliki wa dunia. Kuna sheria za nchi, na swali lako ni rahisi: mwenye nyumba anaishi chini ya sheria ipi?

Majukwaa mengi makubwa ni ya Marekani, na huko ndiko iliko sheria ya 1998 iitwayo DMCA. Iliweka mpatano: jukwaa halitawajibika kwa wizi wa watumiaji wake, mradi likipokea notisi sahihi liondoe kazi haraka. Haikudai uwe raia wa Marekani, haikudai wakili, haikudai usajili. Kijana wa Tandale akijaza notisi sawasawa, uzito wake ni ule ule wa kampuni ya filamu ya California. Ulaya kuna sheria ya huduma za kidijitali iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, nayo inawalazimu wenye seva kuweka njia rahisi ya kupokea malalamiko na kutoa sababu za uamuzi wao.

Nyumbani, Kenya imekwenda mbali zaidi ya majirani. Marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yameweka utaratibu wa notisi kwa watoa huduma za intaneti, wakitakiwa kuizuia kazi ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa mtuhumiwa ameleta notisi ya kupinga. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imeufanya ukiukaji wa miliki bunifu kwa kutumia kompyuta kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo mwizi akiwa Kariakoo anauza nakala zako, una ofisi ya kwenda na una kituo cha polisi. Ushauri wangu: anza COSOTA, maana wao huwaita watu na kuwasuluhisha, na fundi wa nakala akishaona barua yenye nembo ya serikali mara nyingi hupata kumbukumbu upya.

Hatua ya 5: Jipime kabla ya kutuma

Notisi ni kiapo. Ndani yake unaapa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba wewe ndiye mwenye haki au umeidhinishwa naye, na anayedanganya kwa makusudi anaweza kudaiwa fidia. Kwa hiyo jiulize: je, alichofanya kinaruhusiwa? Sheria za huku na kule zinaruhusu kunukuu kwa kiasi na kutaja chanzo, kufundishia, kuripoti habari, kuhakiki. Mahakama ya rufani ya Marekani iliamua 2015, katika kesi ya mama aliyeweka YouTube video ya sekunde 29 ya mwanawe akicheza muziki uliosikika nyuma, kwamba mwenye haki lazima afikirie matumizi halali kabla ya kutuma notisi. Kampuni kubwa ya muziki ilikuwa imemshushia mtoto video yake.

Nimeona pia watu wakitumia hakimiliki kuwanyamazisha wanaowakosoa: mtu ananukuu maneno yako akayapinga, nawe unadai "ameiba posti yangu". Ni aibu, na ni hatari kwako.

Upande wa pili, usidanganywe na hadithi za vijiweni. Hakuna sheria inayosema sekunde 15 au 30 za wimbo ni bure. Kuandika "sina nia ya kukiuka hakimiliki" chini ya video hakusaidii chochote, ni sawa na kubeba mbuzi wa jirani huku unamsalimia. Na "nimeipata Google" si jibu. Google ni njia tu, shamba lina mwenyewe.

Hatua ya 6: Andika notisi

Fomu nyingi ni za Kiingereza, na barua pepe kwa mwenye seva nayo iandike kwa lugha anayoisoma. Lakini ielewe kwanza kwa Kiswahili, ujue unaapa nini. Mimi hutumia maneno haya:

> Mimi, (jina kamili), ndiye mwenye hakimiliki ya picha inayoelezwa hapa. Niliipiga mwenyewe Kilwa Kivinje, Tanzania, tarehe (…), nikaichapisha mara ya kwanza hapa: (linki).
>
> Nakala zisizo na ruhusa yangu zipo hapa: (linki ya ukurasa) na hapa: (linki ya picha yenyewe).
>
> Naamini kwa nia njema kwamba matumizi haya hayakuruhusiwa nami, na wakala wangu, wala na sheria.
>
> Maelezo ya notisi hii ni sahihi, na naapa, nikijua adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba mimi ndiye mwenye haki au nimeidhinishwa naye.
>
> Naomba muiondoe au muifunge isifikiwe.
>
> (Anwani, simu, barua pepe. Sahihi: jina kamili lililochapwa linatosha.)

Hayo tu. Usieleze uchungu wako, usitaje mawakili usio nao. Atakayeisoma ana foleni ya mamia, anatafuta vipengele sita: kazi yako, iliyoibwa ilipo, mawasiliano yako, kauli ya nia njema, kiapo, sahihi. Kimoja kikikosekana, ana sababu ya kuiweka kando.

Usiweke anwani ya nyumbani. Majukwaa hupeleka jina lako, na wakati mwingine notisi nzima, kwa mlalamikiwa, na Google hutuma nakala za notisi kwenye hifadhi ya Lumen iliyopo Harvard, ambako mtu yeyote anaweza kutafuta. Tumia sanduku la posta na barua pepe ya kazi.

Hatua ya 7: Akipinga

Mara nyingi mambo huishia hapo: kazi inashuka, mwizi anahamia pengine. Lakini anaweza kujaza notisi ya kupinga, naye akiapa. Hapo saa inaanza kwenda. Kwa DMCA, jukwaa hurudisha kazi baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa wewe uonyeshe kwamba umefungua kesi. Hapa ndipo wengi wetu tunaposalimu amri, kwa kuwa kesi ya Marekani si ya kufungua ukiwa Mbagala.

Zipo nafuu mbili. Ya kwanza, wezi wengi hawapingi, kwa sababu kupinga kunadai waweke jina na anwani ya kweli na kukubali kushtakiwa. Ya pili, tangu Juni 2022 Marekani ina baraza dogo la madai ya hakimiliki linaloendeshwa mtandaoni, likiwa na kikomo cha dola 30,000. Halihitaji wakili, ila mdaiwa lazima awe Marekani, anaweza kukataa kushiriki, na kazi lazima uwe umeomba kuisajili katika Ofisi ya Hakimiliki ya huko. Kama picha zako zinauzika Marekani, usajili huo una faida nyingine: ukisajili kabla ya wizi, mahakama inaweza kukupa fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi bila kuthibitisha hasara, na hadi 150,000 kama wizi ulikuwa wa makusudi.

Hatua ya 8: Kama unataka pesa

Tuma ankara kabla ya notisi. Weka picha za skrini, linki ya kumbukumbu kutoka Wayback Machine, na bei yako ya kawaida kwa matumizi ya namna hiyo, si ndoto. Mpe siku 14. Mara ya kwanza nilipolipwa nilidai kile nilichomtoza mteja wangu wa mwisho wa hoteli, nikaongeza kiasi kwa sababu jina langu lilikatwa. Mhasibu wao alijibu kwa mistari miwili akiomba namba ya akaunti. Hakuomba radhi.

Kwa video, YouTube ina mfumo wa Content ID unaoweza kuiacha video ya mtu ikae na mapato yake yakaja kwako. Hawaupi kila mtu. Wasanii wengi huupata kupitia msambazaji wao wa muziki, kwa hiyo muulize wako, na uulize anakata asilimia ngapi.

Ukishtakiwa wewe

YouTube huhesabu onyo la hakimiliki. Moja huisha baada ya siku 90 (la kwanza hudai pia umalize Copyright School, somo fupi la YouTube kuhusu hakimiliki), matatu yanaweza kufuta chaneli. Kuifuta video haraka baada ya kupata onyo hakuliondoi onyo. Soma dai, mwandikie mlalamikaji kwa adabu umwombe aliondoe. Kama uko sahihi kweli, pinga. Kama umekosa, subiri siku zako 90.

Jina si picha

Nimalizie na jambo linalowachanganya watu. Hakimiliki huvuka mipaka, lakini alama ya biashara ni ya nchi kwa nchi. Ndiyo maana Disney iliweza kusajili maneno "Hakuna Matata" Marekani kwa ajili ya mavazi, na 2018 Waswahili na marafiki zao wakapiga kelele dunia nzima. Haikumzuia mtu kusema hakuna matata barazani Lamu. Iligusa biashara ya nguo katika soko lile. Basi mtu akiiba jina la biashara yako badala ya picha, notisi ya hakimiliki haikusaidii. Nenda kwa wasajili wa alama za biashara, BRELA kama uko Tanzania Bara au KIPI kama uko Kenya, ulisajili jina kama alama ya biashara. Na kama amelichukua kama jina la tovuti, kuna usuluhishi unaoendeshwa na WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, tangu 1999, ukianzia dola 1,500, nao utakudai uonyeshe haki ya jina hilo. Wengi hugundua hapo kwamba hawakuwahi kulisajili.

Ile picha ya Kivinje naitafuta kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, dakika ishirini, chai mkononi. Mwezi uliopita ilikuwa kwenye kava la simu linalouzwa mtandaoni, fundi amegeuzwa anatazama kushoto. Nimeshapiga picha za skrini. Sijaandika neno kwenye maoni.